Picha Safi

Lodwar, Jumatano jioni

Nafula mwanangu,

Mama yako kichwa kimeanza tena. Naliweka hili mbele kwa sababu najijua: nikilizunguka, karatasi itaisha kabla sijalisema. Kilianza Jumapili baada ya kanisa. Alisema ni jua. Jumatatu akasema ni mawazo ya safari yako. Jana alikuwa anakueleza habari ya shuka, akanyamaza katikati, akautazama ukuta, kisha akaendelea na habari nyingine kabisa, nawe ukacheka ukidhani anatania. Mimi sikucheka.

Alinikataza kukwambia, na Jumapili nilikubali. Sababu unaijua. Siku uliyopata nafasi ya chuo ulisema, "Mama akishikwa tena, mimi siendi popote," na sisi wawili tunakujua, ukisema umesema. Basi tumekaa tunakutazama ukipanga sanduku, tunacheka kwa meno tu, kila mmoja akimwogopa mwenzake asije akatoboa.

Natoboa mimi. Kwa mdomo nimejaribu leo mara mbili, nikaishia kukuuliza kama una kalamu. Mtu kama mimi! Mdomo huu ndio uliokulisha. Ndio maana nimeandika, na nitakupa kabla hatujatoka nyumbani, uisome ukiwa umeketi.

Mambo ya sabuni, ya marafiki na ya kutoazimana kitana umeshapewa na mama yako, tena kwa sauti yake ya darasani, sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, na litanipeleka Kakuma kwanza kabla halijarudi kwenye kichwa hicho.

Unalikumbuka banda letu la video. Mabati juu, mabati kando, viti vya mbao, na joto la kupikia ugali. Mimi kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, nawasemea Wamarekani, Wachina na Wahindi kwa Kiswahili. Waturkana wa mjini walikuwa wanakuja, na kutoka kambi ya wakimbizi Wasudani, Wasomali, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake alichokivunja mwenyewe, na wote wananielewa. Nilikuwa mzuri, Nafula. Acha nijisifu kidogo, usiku huu sina kingine cha kujisifia. Adui akifa kimya kwenye filamu, kwangu hakufa kimya. Alikufa akiomba msamaha kwa mama yake.

Neno letu lilikuwa moja. Filamu ni picha. Ya harusi ni picha. Ya hospitali nayo ni picha. Na katika biashara yangu kulikuwa na picha chafu na picha safi. Picha chafu ni ile ambayo mtu amejificha ndani ya sinema na kamera yake, vichwa vinapita mbele, jirani anakohoa, nusu ya skrini ni giza. Picha safi ni ile ya sidii yenyewe, mpaka jasho la staringi unaliona likishuka. Ikija picha safi naandika kwa chaki mlangoni, LEO PICHA SAFI, na watu wanajaa. Kwangu mimi picha ikiwa safi maana yake hakuna kilichofichika. Umeona kila kitu. Nenda nyumbani ukalale.

Sehemu za hospitali nilizipenda kuliko hata za kupigana, kwa sababu majina yale ya kidaktari sikuyajua hata moja, basi nilikuwa huru kama mbuzi sokoni. Mgonjwa analazwa kwenye kitanda kinachoteleza na kuingia ndani ya duara. Amevaa mkufu, amevaa saa, mchumba wake amemshika mkono wanaongea mapenzi, na mashine inalia ti-ti-ti. Daktari ni mmoja, kijana wa nywele nzuri. Anabonyeza mwenyewe, anasoma mwenyewe, anapasua mwenyewe. Hujameza mate, kichwa kizima cha mgonjwa kimetokea kwenye kioo, kinazunguka kwa rangi zote, na ugonjwa unawaka mwekundu katikati. "Huyo hapo!" nilikuwa napaza sauti. "Ameonekana! Mashine imemkamata!" Banda zima linapiga makofi.

Siku moja mama mmoja wa Kataboi, amekuja kumwona mwanawe, akakaa mpaka mwisho kisha akanifuata. "Baba, hii mashine iko Lodwar? Mimi nataka ipige mimi mgongo." Nikamwambia, "Iko, mama. Ikikupiga tu ugonjwa inatoka mbio." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Sijui kama alikwenda. Siku hizi namwaza sana yule mama.

Sasa mwaka jana. Ulikuwepo, najua, lakini ulikuwa upande wako wa mambo, na mimi nilikuwa upande wangu.

Mama yako alikwenda Loki kumzika mwalimu mwenzake. Kurudi akakosa gari, akapanda lori lililokuwa limepeleka unga Nadapal mpakani na linarudi tupu. Lori tupu huruka. Kwenye laga moja, mto mkavu, kabla ya Kakuma likamrusha, kichwa kikagonga chuma cha juu. Alifika nyumbani akicheka, akatuonyesha nundu. Hakuna damu, hakuna kidonda. Tukala, tukalala.

Wiki zikapita, nundu ikaisha, kisha kichwa kikaanza. Alisahihisha madaftari ya watoto aliyokuwa ameshayasahihisha. Aliacha sufuria motoni, akatoka nje, akasimama tu. Siku moja aliniita kwa jina la kaka yake, nami nikamtania kwamba kumbe ana mume mwingine kwao Bungoma. Wewe ndiye uliyesema, "Baba, hii si kitu ya kucheka." Ulikuwa umemaliza Kidato cha Nne unangoja chuo, na nilikuona kama mtoto anayejifanya mkubwa.

Tukamleta hapa Lodwar hospitalini. Akapigwa eksrei ya kichwa. Yule daktari kijana akaiweka kwenye taa, akaitazama, akatuita. Nilikuwa sijalala, Nafula. Nilikuwa nimemwahidi Mungu vitu ambavyo hata sina.

"Picha ni safi," akasema. "Hakuna mfupa uliovunjika. Lakini..."

Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilimshika mkono kwa mikono miwili nikamwombea baraka mpaka kizazi cha nne. Nikamwinua mama yako. Tulikuwa tayari tumefika getini ulipokuja mbio.

"Baba, daktari hajamaliza. Anasema hiyo inaonyesha mifupa tu. Ubongo haionekani. Anataka aende Eldoret apigwe skani."

"Picha ni safi au si safi?"

"Ni safi, lakini..."

"Basi! Umekuwa daktari lini wewe?" Nilisema hivyo mbele ya askari wa geti na wauza mandazi. Ulibeba begi la mama yako, ukalipakata mpaka Kakuma.

Sikuwa na ubaya. Nilikuwa na furaha, na furaha ilinifanya kiziwi. Mtu mwingine angesikia "safi" akauliza, safi vipi? Mwalimu angeuliza. Mchungaji angeuliza. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu neno lile lilikuwa langu, nimeliandika kwa chaki miaka yote. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba eksrei ni kama kuitazama akai, kibanda cha Kiturkana, kwa nje. Unaona vijiti vimesimama, vyote vizima. Kama ndani watu wanachinjana, vijiti havitakwambia.

Kakuma niliwatangazia watu wote. Ekai, aliyekuwa analinda banda, alishukuru kama ni mama yake. "Amepigwa picha? Ejok, vizuri. Sasa atapona." Nami sikumsahihisha, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyoona. Kupigwa picha ilikuwa ni kama kupigwa sindano. Tukaendelea hivyo, yeye akimeza dawa za maumivu, mimi nikimwambia asiwe na wasiwasi. Alipolalamika nilikuwa nakasirika kidogo, nikwambie ukweli wote. Nilimwona kama anabishana na daktari.

Kisha asubuhi moja ulimpa chai. Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, kikainama, chai yote ikamwagika mapajani. Ya moto. Hakupiga kelele. Hakuutazama hata ule mkono. Kisha akalala palepale, na kumwamsha ikawa kazi.

Ekai alisimama mlangoni. "Lakini mama alipigwa picha," akasema. "Si picha ilisema iko sawa?" Hakunilaumu, aliuliza tu, na maneno yalikuwa yangu mwenyewe. Nilitamani anipige rungu.

Magari yote yalikuwa yanangoja polisi wa kusindikiza. Unamkumbuka Hassan, yule muuza nguo wa kambini, aliyeshusha mizigo yote ya gari lake pale barabarani ili tupande? "Ingiza yeye haraka. Hiyo polisi tutakutana mbele." Barabara ile, na habari za wezi tulizokuwa tumezisikia wiki hiyo hiyo! Mimi nilikaa mbele nikiangalia vichaka. Wewe ulikaa nyuma, kichwa cha mama yako mapajani, na nilikuwa nakusikia.

"Mwalimu, saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Mwalimu, tisa mara sita?"

"Usinisumbue... hamsini na nne."

Uliendelea kuuliza kila gari lilipoacha kutikisika. Kisha akajibu makosa. Mama yako, kukosea jedwali! Kisha ukauliza na sikusikia jibu, ukauliza tena swali lile lile kwa sauti ya juu, na Hassan akakanyaga mafuta bila kuambiwa. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilikuwa naogopa kugeuka nyuma.

Lodwar, yule daktari kijana alitupokea mwenyewe. Nilingoja anitukane, hakunitukana. Alimmulika macho kwa tochi, akasema tu, "Hakuna kungoja," na tukaingia ambulensi ya Eldoret na nesi na dripu. Njia nzima nilihesabu matone ya dripu.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo kazi yako inapoanza.

Niliingia hospitali ile kubwa nikingoja picha yangu. Nilijua nitasimama nyuma ya kioo na daktari wa nywele nzuri, kichwa kitazunguka, chekundu kitawaka. Badala yake akatoka kijana mmoja mwembamba na koti lililofuliwa mpaka likapauka. Akasema toeni hereni, toeni pini za nywele, zote, hata hiyo ya nyuma. Wewe ulizitoa, mimi nikazishika kiganjani. Nikataka kuingia nimshike mkono. "Hapana mzee, kuna miale. Ngoja hapa." Akafunga mlango. Hakukuwa na ti-ti-ti. Kulikuwa na mlio mmoja wa kukoroma ndani ya ukuta, na muda si mrefu ukakoma.

Katika picha zote nilizotafsiri sijawahi kumwona mtu yule. Nimejaribu kukumbuka, hayupo. Wanamkata. Anayemlaza mgonjwa, anayemnyoosha shingo, anayemwambia usitikisike, anayejua ni mashine ipi inaona nini, kwenye filamu hayupo, mashine inajiendesha yenyewe. Na ndiye wewe unayekwenda chuoni kuwa. Kwa hiyo kama ulikuwa unategemea kuja kujiona kwenye filamu, pole mama, umechagua vibaya.

Alipotoka nilimkimbilia. "Umeona nini?" Akasema, "Daktari ataisoma, atakuja kuwaambia." Nikamtazama usoni nipate jibu. Uso ulikuwa umefungwa kama duka la Jumapili. Nilimchukia. Niliona anajua mke wangu anakufa na ananinyima. Tulingoja, mimi kwenye benchi na wewe umesimama, muda mrefu kuliko filamu yoyote, na kila alipopita nilikuwa namsoma tena: ameangalia chini, basi ni mbaya, amesalimia nesi, basi ni nzuri. Nawe utakuwa na watu kama mimi mlangoni, kila siku. Watakusoma hata ukipiga chafya. Siwezi kukufundisha uso wa kuweka. Najua tu kwamba yule kijana mwishoni alirudi na kiti, akakiweka karibu na benchi, akakwambia, "Dada, kaa, umesimama sana," na kwa kiti kile nilimsamehe.

Daktari wa upasuaji, yule mama mfupi, akatuita akatuonyesha kwenye kompyuta. Hakukuwa na rangi. Kijivu tupu, vipande vipande kama mkate uliokatwa, na yeye anapitisha kimoja baada ya kingine. "Damu hii hapa. Imekusanyika polepole tangu agonge, inasukuma ubongo. Tunatoboa, tunaitoa." Akaweka kidole, na kidole kilikuwa upande wa kushoto wa kioo. Mimi nililikamata hilo. Kushoto. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii sitapitwa na kitu. Nikatia sahihi.

Kisha wakamtoa kwenye korido, kichwa kimenyolewa nusu. Nusu ya kulia. Na alama ya kalamu juu yake, kulia.

Unajua nilichofanya. Nilishika kitanda kile kwa mikono yote miwili. Nilipiga kelele kwamba wanampasua mke wangu upande usio na ugonjwa, kwamba nimeona kwa macho yangu, picha ilionyesha kushoto. Nesi akanieleza kwa Kiingereza cha haraka, sikusikia. Askari akaja. Yule daktari akasema, "Mzee, kila dakika unayoshika hapo ni yake unachukua," na bado sikuachia. Mara ya kwanza niliiamini picha nikamwangusha. Safari hii nilikuwa tayari kupigana na hospitali nzima, na Nafula, nilikuwa karibu kumwua mara ya pili.

Ukaja mbele yangu, kati yangu na kitanda. "Baba, nisalimie." Nikadhani umechanganyikiwa. "Baba. Nisalimie." Nikatoa mkono wa kulia kwa mazoea tu, nawe ukatoa wako. "Mkono wangu wa kulia uko upande gani wako?" Nikatazama. Ulikuwa kushoto kwangu. "Picha inatazamwa hivyo," ukasema. "Kama mtu amesimama mbele yako. Mama anakuangalia, Baba. Na mkono uliolegea ni upi?" Wa kushoto. "Basi damu iko kulia. Ubongo wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto." Wewe ulikuwa umemwuliza daktari pale kwenye kompyuta, wakati mimi nilikuwa nakariri "kushoto, kushoto" moyoni. Nikaachia kitanda.

Alipoamka jambo la kwanza alishika kichwa, akasema, "Mmeninyoa kama kondoo," akadai kitambaa. Nililia mbele ya wodi nzima na sikuona aibu.

Mkono wa kushoto haukurudi wote. Unaona anavyofunga leso kwa meno, anavyotuma watoto darasani wamshikie kitabu anapoandika ubaoni. Daktari alisema tungekuja mapema pengine ungerudi. Alisema pengine, kwa upole, lakini mimi najua. Mkono ule ni wangu. Kila ninapomwona akikazana na kifungo cha gauni natoka nje nijifanye natafuta kuku. Hatujawahi kuwa na kuku.

Nikaliuza banda, tukahamia hapa Lodwar. Watu walidhani ni gharama za hospitali, na zilikuwepo, lakini hata bila hizo singeweza. Jioni moja baada ya kurudi ilikuja picha yenye hospitali. Staringi ameingia ndani ya duara, daktari ametazama kioo, amesema neno moja, wote wamekumbatiana. Banda likangoja niseme. Ekai akanitazama. Nilijua wanangoja "picha ni safi, staringi hafi!" Nikaweka kipaza sauti chini.

Siikasirikii filamu. Mtu amelipa kiingilio, anataka ugonjwa uwake mwekundu na uishe kabla ya kurudi kambini. Nikasirike nini? Ila nimeona wanachokata. Wanakata yule kijana wa koti lililopauka, wanakata benchi, na wanakata "lakini". Kwenye filamu daktari akisema picha ni safi, hapo hapo wanabadilisha sehemu, mko ufukweni mnakula. Hakuna aliyebaki chumbani kusikia sentensi ikiisha. Nawe hutakuwa na nafasi ya kukaa na kila mtu, najua. Ila ukimwona mzee ameshasimama, uso unang'aa, ameshika kofia, mzuie kidogo mlangoni. Mwulize amesikia nini. Asikujibu "safi" tu. Akueleze.

Na usimcheke. Mimi si mjinga, na wengi watakaokuja kwako si wajinga. Tumekuja na neno tulilonalo.

Sasa turudi nyumbani.

Leo asubuhi ukiwa sokoni nilikwenda kwa yule daktari wetu. Hajahama, ila ameanza kitambi. Nikamweleza: kichwa tangu Jumapili, kunyamaza katikati ya maneno jana, mkono kama kawaida, hatapiki. Akafikiri. "Inaweza kuwa jua kweli," akasema, "na inaweza kuwa damu imerudi. Kwa macho siwezi kujua, na wewe huwezi. Apigwe skani. Kesho anaweza kusafiri kwa basi akiwa ameketi. Lakini akitapika, au ukimwamsha usiku asiamke vizuri, usingoje basi, mlete hapa hapa." Nilikaa kwenye kile kiti mpaka akafunga mdomo. Nikamwuliza kama kuna lingine. Akasema hakuna. Nikamrudishia yote aliyoniambia, moja moja, kama mtoto wa shule, naye akatingisha kichwa kwamba ndivyo.

Usiku huu ukinisikia namwamsha, na yeye ananitukana, usishtuke. Matusi yake leo ni dawa kwangu.

Nimekata tiketi mbili zaidi za basi lako. Tutakuwa nyuma yako. Eldoret sisi tutashuka, twende hospitali ile ile, na wewe utaendelea Nairobi, kwa sababu chuo kimesema keshokutwa na hakikusema siku nyingine. Ikiwa skani itaonyesha kitu, watakuwa pale pale waliomtibu. Isipoonyesha, nitampandisha basi la kurudi na nitasikia kelele zake mpaka Lodwar. Vyovyote iwavyo nitakupigia simu na nitakwambia sentensi nzima. Sitakuficha. Ningetaka kukuficha singekuwa naandika.

Mama yako nilimwambia mchana, ya daktari na kwamba lazima nikwambie. Alikasirika. "Mdomo wako haujawahi kulala njaa," akasema, akaingia chumbani mpaka chai ya saa kumi. Kisha akaniita. Alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, anaukandakanda. Akasema, "Nitaenda. Nimekubali. Lakini Nafula akishuka Eldoret, mimi sishuki. Nitabaki kwenye basi na kichwa changu mpaka Nairobi, na nikifika Nairobi nitarudi na basi hilo hilo." Nikadhani ni hasira. Nikamtazama vizuri, na wewe unaijua sura ile, kila mtoto aliyepita darasani kwake anaijua. Hatanii.

Kwa hiyo isome hii, na kama utalia, lia hapa nyumbani. Usijifanye hujui. Mwulize kichwa kikoje, atakujibu, amechoka kuficha. Njiani kaa naye karibu, mimi nitakaa popote. Tukifika Eldoret nitamshika mkono wake mzima, tutashuka polepole, na wewe utabaki kwenye kiti chako. Utataka kuinuka. Miguu itataka yenyewe. Mwanangu, usiinuke. Yeye atasimama pale chini kando ya basi, na mpaka aone limeondoka nawe ndani, hatapiga hatua hata moja kwenda kwenye skani.

Baba yako